Stendi ya kinanda kwa anayepiga akiwa ameketi: mabega yananiuma, nirekebishe nini?

Mpiga kinanda, Nkuhungu

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe. Ninapiga kinanda katika kwaya ya mtaa wetu hapa Dodoma, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitoka mazoezini na maumivu ya mabega na shingo, upande wa kulia zaidi ya kushoto. Mazoezi yetu huchukua saa mbili na nusu kila Jumatano na Ijumaa, na Jumapili ninakaa kwenye kinanda kwa ibada mbili mfululizo. Nilidhani ni uchovu wa kawaida, mpaka dada mmoja wa sauti ya pili aliponiambia kwamba nikipiga, mabega yangu hupanda kama ya mtu anayesikia baridi. Alinirekodi video kwa simu, nami nilipoitazama nikaona amesema kweli.

Kinanda chetu kina vibonyezo 61 na uzito wake unakaribia kilo 5. Stendi ni ile ya X, yenye bomba moja kila upande. Ninaketi kwenye kiti cha plastiki cha kawaida, chenye mikono. Jana nilichukua futi kamba nikapima: kutoka sakafuni hadi mahali ninapoketi ni sentimita 43, kutoka sakafuni hadi kiwiko changu, nikiwa nimeketi wima na mkono umening'inia, ni sentimita 65, na kutoka sakafuni hadi juu ya vibonyezo vyeupe ni sentimita 77. Urefu wangu ni sentimita 158.

Nimejaribu kushusha stendi tundu moja, vibonyezo vikafika sentimita 71, lakini hapo miguu yangu inagonga mabomba yanayopishana, na nikisogeza kiti nyuma ili kuyakwepa ninalazimika kuinama. Je, stendi hii inafaa kwa mtu anayeketi, au nitafute nyingine? Naomba mzingatie kwamba ni mali ya kwaya, na kijana mwingine huitumia akiwa amesimama katika ibada ya vijana, kwa hiyo siwezi kuikata wala kuibadilisha nitakavyo.

Mwalimu wa muziki, Makole

Dada yangu, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, yaani kupima kabla ya kuuliza, na vipimo vyako vyenyewe vinatoa jibu. Vibonyezo vyako viko sentimita 12 juu ya kiwiko chako. Kwa saa mbili na nusu mikono yako inapanda mlima, na kwa kuwa kiwiko hakiwezi kupanda peke yake, bega ndilo linalokibeba. Kipimo ninachowafundisha wanafunzi wangu ni kwamba kiwiko kiwe sawa na uso wa vibonyezo vyeupe, au juu yake kwa sentimita moja au mbili, ili mkono uelekee kwenye vibonyezo bila kupanda na kifundo cha mkono kisipinde.

Ninaona wewe, kama sisi sote tulipoanza, ulianza na stendi. Mimi nakusihi uanze na kiti. Stendi ya X haishuki sentimita moja moja. Inashuka kwa hatua, kutoka tundu hadi tundu, na kwako hatua moja ni sentimita 6. Kwa hiyo haiwezekani kuifanya ifuate mwili wako kwa usahihi. Unachagua tundu linalokaribia, kisha unamalizia tofauti kwa kiti, kwa sababu kiti ndicho unachoweza kukiongeza kidogo kidogo. Rudi kwenye lile tundu la sentimita 71, halafu inua mahali unapoketi kwa sentimita 6 hadi 7, ili ufikie 49 au 50. Kiwiko chako kitakuwa kwenye 71 au 72, na hesabu imekwisha.

Utaniuliza kuhusu miguu, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Mtu akiketi chini, paja lake hulala sambamba na sakafu na goti husogea mbele na kubaki juu. Akiinuliwa, kiwiko kinapanda pamoja na kiti, lakini nyayo zimebaki sakafuni, kwa hiyo goti halipandi kwa kiasi kile kile; paja linaanza kuteremka kutoka nyongani kwenda gotini. Ukiketi nusu ya mbele ya kiti, si kwa kuegemea, mteremko huo unaongezeka na nafasi chini ya kinanda inaongezeka. Hii ndiyo sababu piano ya kawaida, ambayo uso wa vibonyezo vyake hukaribia sentimita 73 kutoka sakafuni, hupigwa na watu wa vimo mbalimbali bila piano yenyewe kusogezwa hata kidogo: kinachopanda na kushuka ni benchi.

Mabomba ya X yanabaki kuwa tatizo halisi, silikatai. Stendi hiyo ikishushwa, X inafunguka na mabomba yanalala, hivyo yanaziba sehemu ile ile ambayo miguu ingekaa. Unaweza kupunguza adha hiyo kwa kusogeza kinanda kuelekea kwako juu ya mikono ya stendi, kwa sentimita 3 au 4, ili X ibaki mbele zaidi ya miundi yako. Usizidishe, kwa maana kinanda chepesi kikiegemezwa upande mmoja kinaweza kupinduka mtu anapokigusa kwa kiwiko. Baada ya kukisogeza, bonyeza ukingo wake wa mbele kwa kiganja chako, kwa nguvu kiasi. Kikiinuka nyuma, kirudishe.

Kiti chenye mikono kiache kabisa. Mikono ya kiti hukizuia kiwiko kusogea unapokwenda kwenye sauti za chini au za juu, nawe unalipa kwa kupinda kiuno. Kwa wiki hii tafuta viti viwili vya plastiki visivyo na mikono uvipachike kimoja juu ya kingine, upime tena, na ukipungukiwa weka ubao mgumu. Sipendekezi mto wa sponji laini: ukiukalia unadidimia, na kile kipimo ulichokitafuta kinapotea ndani ya nusu saa. Baadaye mwombe fundi seremala akutengenezee stuli ya sentimita 48 yenye sponji ngumu isiyozidi sentimita 2.

Jambo la mwisho ni kukaa katikati. Katika kinanda cha vibonyezo 61 kinachoanza na kuishia kwenye C, cha katikati ni F shapu (kibonyezo cheusi kilicho kulia kwa F) iliyo upande wa kulia wa C ya kati, na kitovu chako kinapaswa kuelekeana nacho. Wapiga vinanda wengi wa kwaya hukaa mbele ya C ya kati kwa mazoea, kisha mkono wa kulia unafanya safari ndefu kuliko wa kushoto. Kwa kuwa umesema upande wa kulia unauma zaidi, litazame hili.

Nimekuwa nikifikiri kwamba sisi wa mkoa huu tulipaswa kulijua jambo hili mapema. Aliyepata kuwatazama wapiga ilimba wa Kigogo (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba), akiwamo marehemu Hukwe Zawose, ameona jinsi ala inavyopakatwa, mabega yametulia na vidole gumba vinafanya kazi bila shida. Ala inaufuata mwili. Kinanda kimetujia na stendi yake, nasi tukaanza kuufanya mwili uifuate stendi.

Mpiga piano, Area D

Namheshimu mwalimu, ila naomba nitofautiane naye kidogo. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada aliyefariki mwaka 1982, alikuwa akiketi kwenye kiti kilichokuwa takriban sentimita 35 tu kutoka sakafuni, viwiko vyake vikiwa chini ya vibonyezo, na hakuna anayetilia shaka ufundi wake. Nadhani hakuna urefu mmoja ulio sahihi, bali kila mtu ana mazoea yake. Dada anaweza kuzoea alipo, mradi ajifunze kulegeza mabega.

Fundi wa kuchomelea, Kizota

Mimi si mpiga kinanda, lakini nimetengeneza stendi kadhaa za makanisa na za vijana wa bendi, kwa hiyo nachangia upande wa chuma.

Kwanza usalama wa hiyo uliyonayo. Stendi ya X inashikwa na pini yenye springi inayoingia kwenye tundu au meno ya kisahani cha katikati. Vumbi la hapa kwetu, hasa miezi ya kiangazi yenye upepo, huingia humo, na pini ikashindwa kuzama mpaka mwisho. Kwa macho utaona imeshika, kumbe imeng'ata ukingo tu. Toa kinanda kwanza, usirekebishe stendi ikiwa imebeba kitu, safisha kisahani kwa kitambaa kikavu na brashi ya mswaki, kisha ukiiweka kwenye tundu isukume kwa mikono miwili kutoka juu na uitikise. Ukisikia inacheza, kaza nati ya katikati kwa spana. Kuhusu tundu lako, lipake alama kwa rangi ya kucha, na tundu la kijana anayesimama lipake rangi nyingine, ili kila Jumapili msianze kubahatisha.

Pili, kama kwaya itakubali kuiacha ya X kwa anayesimama, basi anayeketi atengenezewe stendi ya meza yenye miguu minne, ambayo haina kitu chochote katikati. Bomba la mraba la inchi moja, unene wa milimita 1.5, huuzwa kwa urefu wa mita 6, na moja linatosha. Hesabu yake ni hii: miguu minne ya sentimita 60, viungo viwili virefu vya 90 vya kubeba kinanda mbele na nyuma, na viungo vinne vifupi vya 30, viwili juu na viwili chini upande wa kushoto na kulia, jumla mita 5.4. Kipande kinachobaki kinakatwa mara nne na kuchomelewa kwenye pembe kama vishikizo vya mshazari, maana bila hivyo stendi itayumba kushoto na kulia. Chini, upande wa mbele, pasiwekwe bomba lolote, kwa kuwa hapo ndipo miguu inapopita. Kabla ya kukata, geuza kinanda upime umbali kati ya raba zake za chini, kwa sababu raba hizo ndizo zinazopaswa kutua juu ya viungo virefu, na vinanda havifanani.

Urefu wa sentimita 60 nimeukadiria kwa vipimo vya dada: miguu 60, bomba la juu sentimita 2.5, na mwili wa kinanda hadi usoni mwa vibonyezo, ambao nakisia ni sentimita 9, vinaleta 71 na nusu. Apime chake, kwa maana kosa la sentimita 2 kwenye chuma halirekebishiki kwa urahisi kama kwenye kiti. Anayetaka stendi inayopanda na kushuka atumie bomba la nje la inchi moja na robo na la ndani la inchi moja, kisha ubavuni mwa la nje ichomelewe nati ya bolti inayofunguliwa kwa spana namba 13. Bolti ikikazwa inalibana bomba la ndani. Bomba hizo mbili zina nafasi kati yake, kwa hiyo tundu na pini peke yake vitacheza. Kinachoondoa mchezo ni huo mbano wa ubavuni. Chini ya miguu weka vipande vya kandambili zilizochakaa. Havitelezi kwenye marumaru na hupunguza mtetemo unaotoka sakafuni.

Mfiziotherapia, Miyuji

Naunga mkono maelezo ya mwalimu kuhusu kiwiko, na nina mambo matatu ambayo bado hayajatajwa.

La kwanza ni shingo. Mpiga kinanda wa kwaya hutazama mahali pawili: kwenye daftari la nota na kwa mwalimu wa kwaya. Daftari likiwekwa kwenye kishikio cha kinanda, kichwa huinama saa nzima. Liwekwe kwenye stendi yake ya nota, nyuma ya kinanda, usawa wa chini ya macho kidogo. Na kama mwalimu wa kwaya husimama kushoto kwako, wewe unageuza shingo kushoto kila mara huku mkono wa kulia ukiwa umeinuliwa, na misuli ya juu ya bega la kulia inavutwa kutoka pande zote mbili. Geuza stendi nzima pamoja na kiti kuelekea kwake, hata kama kinanda hakitakuwa sambamba na ukuta. Makanisa mengi hupanga kinanda kwa kufuata ukuta, na sioni sababu ya kiafya wala ya muziki ya kufanya hivyo.

La pili ni nyayo. Wewe ni wa sentimita 158, na kiti cha 49 au 50 kinaweza kukufanya ukanyage kwa vidole tu. Ikitokea hivyo, weka ubao mpana wenye unene wa sentimita 3 au 4 chini ya miguu yote miwili. Nyayo zisipokanyaga kikamilifu, kiuno hufanya kazi ya kukusimamisha, na maumivu uliyoyatoa begani utayakuta mgongoni.

La tatu ni onyo. Uchovu unaoisha baada ya kulala ni jambo moja, lakini ganzi ni jingine. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete mara nyingi huhusu mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiwiko; ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati mara nyingi huhusu ule unaopita kwenye kifundo cha mkono. Ukiona mojawapo, au ukiona vitu vinakuponyoka mkononi, usisubiri stendi mpya. Nenda hospitali upimwe. Na hata mpangilio ukiwa mzuri kiasi gani, simama kila baada ya nusu saa, ushushe mikono, uzungushe mabega, hata kama kwaya inaendelea kujifunza maneno.

Mwalimu wa muziki, Makole

Kwa ndugu yangu wa Area D: ni kweli Gould aliketi chini sana, na kiti chake kilirekebishwa na baba yake kwa ajili ya mwili wake na namna yake ya kupiga. Alikichagua, akakibeba popote alipokwenda kupiga. Dada yetu hakuchagua sentimita 77, alizikuta. Pia yeye ana maumivu tayari, na kumwambia alegeze mabega huku vibonyezo viko sentimita 12 juu ya kiwiko ni kumwagiza afanye lisilowezekana. Nimewahi kumpa mwanafunzi ushauri kama huo, kabla sijajifunza kupima, na aliacha kinanda. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mpiga kinanda, Nkuhungu

Shikamoo mwalimu, na ninawashukuru nyote. Nimerudi baada ya wiki mbili ili niwaeleze yaliyotokea.

Sikununua kitu. Nilipachika viti viwili visivyo na mikono, nikaongeza ubao, nikafika sentimita 49. Stendi niliiweka kwenye tundu la 71 na kulitia alama kama fundi alivyoelekeza. Kweli pini ilikuwa haizami, na nilipopiga mswaki kwenye kisahani lilitoka vumbi jekundu la kujaza kijiko. Jumatano ya kwanza nilijihisi niko juu mno, karibu nisimame, na wenzangu wakaniuliza kwa nini nimeketi kama hakimu. Ijumaa nilizoea. Wiki hii nimemaliza ibada mbili bila kupeleka mkono wangu begani, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho.

Lililonishangaza zaidi ni la mfiziotherapia. Tuligeuza kinanda kuelekea alipo mwalimu wa kwaya, na shingo ilipata nafuu siku ile ile, hata kabla sijazoea kiti. Miguu bado inagusa bomba la kushoto ninapokanyaga pedali, kwa hiyo kamati ya kwaya imekubali tutengeneze stendi ya meza. Nimegeuza kinanda nikapima kutoka chini ya raba hadi juu ya vibonyezo vyeupe, nikapata sentimita 9 na nusu, na umbali kati ya raba za mbele na za nyuma ni sentimita 21. Fundi, je, nibadilishe vipimo vyako? Na pedali inateleza kwenye marumaru kila ninapoikanyaga, nifanyeje?

Fundi wa kuchomelea, Kizota

Miguu ikatwe sentimita 59 na nusu badala ya 60. Viungo vifupi vya 30 viache kama vilivyo ili stendi isimame imara, lakini kiungo kirefu cha nyuma kisogezwe ndani, ili kutoka katikati ya bomba la mbele hadi katikati ya bomba la nyuma pawe na sentimita 21, raba zitue juu ya chuma. Mwambie fundi wako aipime kwa pimamaji ikiwa kanisani, mahali penyewe itakapokaa, kwa sababu sakafu nyingi zina mteremko kuelekea mlangoni. Pedali iweke juu ya ule ubao wa kukanyagia aliousema mfiziotherapia, uifunge kwa mkanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, na chini ya ubao ubandike kandambili. Uzito wa miguu yako mwenyewe utaushikilia ubao, na pedali haitakwenda popote.

Mpiga kinanda, Nkuhungu

Nimeelewa, fundi. Jumamosi nampelekea fundi wa hapa Nkuhungu vipimo hivi, na kinanda chenyewe nitakwenda nacho ili akijaribishe kabla ya kupaka rangi.